Nilisema Nilikuwa Kwenye Nguzo ya Tatu

Nimekosa. Wacha niseme hivyo mapema, kwa sababu nikianza na hadithi ya ng'ombe utacheka, utanipenda, halafu utasahau kwamba kuna mtu leo anatembea na mguu mmoja kwa ajili yangu.

Jina langu sitalitaja. La kiwanda pia sitalitaja, na haya majina ya watu nimeyabadilisha. Wewe chukua tu kwamba ni kiwanda cha sukari huku kwetu Kakamega, upande wa miwa ukielekea Butere. Nina miaka thelathini na mbili, bibi mmoja na watoto wawili. Kwa hiyo usiniambie ni utoto. Nilijua ninachofanya.

Kazi yangu ilikuwa ya bendera katika uwanja wa miwa. Trekta likiingia na mzigo, nalipungia bendera ya kijani liende kumwaga, ama nyekundu lisimame lingoje. Tulikuwa wawili, mimi na Shivachi. Tuliandikwa wiki moja, miaka sita iliyopita, na tangu hapo tulikuwa tunakula sahani moja. Akienda chai nashika bendera zake. Nikienda haja anashika zangu. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Katikati ya uwanja ndipo hufanya kazi loda, ile mashine yenye makucha ya kukumbatia miwa na kuitupa kwenye mkanda unaoipeleka kusagwa. Gurudumu lake limenizidi kimo. Dereva wake alikuwa mzee mmoja wa Shinyalu tuliyemwita Baba Metrine. Miaka zaidi ya ishirini ameendesha mashine, na hakuwahi kugonga hata kuku. Huyo mzee alikuwa na macho, jamani! Angekuwa kule juu, wewe uko chini na vumbi limejaa, anatoa kichwa anakuambia, "Kijana, kamba ya kiatu imefunguka." Unaangalia, kweli imefunguka.

Sasa, hapo nyuma kiwanda kikaleta vidude. Kidude chenyewe ni cheusi, ukubwa wa kiberiti, unakifunga kwenye mshipi. Mtaalamu alikuja kutufundisha, akarudia mara tatu mpaka tukaelewa. Loda imefungwa koili, yaani nyaya zilizoviringwa, na hizo koili zinatengeneza duara la sumaku kuizunguka pande zote. Hulioni, hulisikii, lakini kidude kinalihisi. Ukiingia ndani ya lile duara, kidude kinatetemeka kiunoni, na kule juu kwa dereva taa nyekundu inawaka, king'ora kinalia na namba yako inatokea. Ukizidi kukaribia, loda inasimama yenyewe hata kama dereva amesinzia.

Tukamuuliza kwa nini wasiweke kamera tu. Akasema kamera inazibwa na vumbi, na haimwoni mtu aliye nyuma ya mlima wa miwa. Setilaiti nayo inachanganywa na mabati na vyuma vingi. Lakini sumaku inapenya miwa, inapenya vumbi, inapenya hata mwili wa binadamu. Popote ulipojibanza, itakupata.

Nguzo za uwanja pia zikafungwa koili zake, kwa hiyo ofisini kukawa na skrini inayoonyesha kila namba iko upande gani. Mimi nilikuwa ishirini na saba. Mahali pangu palikuwa nguzo ya tatu.

Wenzangu walikifurahia. Shivachi alikuwa anakifuta vumbi kila jioni kabla ya kukirudisha. Mimi? Mimi nilikiona ni askari wa kunifuata. Nilizoea kuponyoka kidogo kwenda kwa mama wa mandazi nje ya geti, na sasa ofisi ilikuwa inajua. Nikakichukia. Huo ndio ukweli.

Haya, sasa ng'ombe.

Kwetu ni Malinya, na mtu wa Malinya ukimnyima mambo ya kupiganisha fahali umemnyima nusu ya maisha. Baba yangu alikuwa na fahali mweusi tititi, tulimwita Lami. Nimemlea mimi tangu akiwa ndama. Alikuwa ananijua kwa harufu ya jasho. Mwingine akishika kamba anachimba chini na kwato na kukataa kutoka. Siku ya kupigana ilikuwa lazima nitembee mbele yake mpaka uwanjani, la sivyo anarudi boma na aibu inatubakia sisi.

Alhamisi moja baba akanipigia simu. Jumamosi Lami atapigana na fahali aliyemkimbiza mwaka uliotangulia mbele ya kijiji kizima. Baba wakati huo kifua kilikuwa kinamsumbua, anaongea kidogo anapumzika.

"Usipokuja, nani atamtoa?" akaniuliza.

"Baba, niko kazini Jumamosi. Ni msimu."

"Kazi iko siku zote," akasema. "Mimi siko siku zote."

Ungejibu nini hapo? Nikaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Hakuniangalia hata usoni. "Miwa imejaa mpaka barabarani, wewe unaniletea mambo ya ng'ombe?" Na kusema haki, alikuwa na sababu ya kuchoka na mimi. Mwaka huo nilikuwa nimeshazika shangazi wawili, na mmoja wao alikuwa mzima anauza mboga sokoni.

Basi nikapiga hesabu yangu. Fahali hupigana asubuhi kabla jua halijawaka. Saa kumi na mbili nitaingia kazini nionekane. Nitatoka. Saa mbili Lami atapigana. Saa tatu na nusu nitakuwa nimerudi. Tena loda ilikuwa haifikangi upande wa nguzo ya tatu mpaka watu watoke chai ya saa nne. Kwa hiyo hakuna ubaya. Nilijiambia hivyo: hakuna ubaya.

Nikamweleza Shivachi.

"Wewe nenda, bendera nitashika zote," akasema. "Lakini kidude enda nacho."

"Nikienda nacho skrini itaonyesha nimetoka."

"Si waone? Watakuandikia barua ya onyo, utaisoma, utaiweka. Lakini hiyo kitu usiiache. Mashine inajua hiyo ndiyo wewe."

"Haya, mchungaji, tumesikia mahubiri."

"Nimesema enda nacho," akarudia, na hakuwa anacheka.

Nikamwambia sawa. Nikamdanganya rafiki yangu saa kumi na mbili ya asubuhi, bila hata kufikiria mara mbili.

Alipogeuka kwenda kupokea trekta la kwanza, nilifungua kidude, nikakitia ndani ya kofia yangu, nikaitundika kofia kwenye msumari wa nguzo ya tatu. Halafu nikajilaza ndani ya trela lililokwisha mwaga miwa, na dereva wake bila kujua akanitoa nje. Ofisini, ishirini na saba alikuwa kazini, amesimama pale pale anapotakiwa.

Nikikuambia Lami hakunifurahisha siku hiyo nitakuwa naongeza uwongo juu ya uwongo. Woi! Ungemwona! Nilitembea mbele yake, vijana wanapiga ngoma za isukuti, wanawake wanapiga vigelegele, na yeye anakuja nyuma yangu polepole. Walipokutana na yule mwingine vumbi lilipanda hatukuona kitu. Walisukumana, wakasukumana, halafu tukaona yule fahali mwingine anageuka, anakata mbio kuelekea shamba la mahindi la watu. Baba yangu, mtu wa kifua, alitupa fimbo akaruka juu. Akanikumbatia. Sijawahi kukumbatiwa na baba tangu nizaliwe.

Hiyo ilikuwa kama saa mbili na nusu. Ningeondoka hapo, leo nisingekuwa naandika haya. Bodaboda zilikuwa zimejaa pale. Lakini watu walikuwa wanaimba jina la baba, tunamzungusha Lami nyumba kwa nyumba, na mimi ndiye mwenye kamba. Nikasema dakika tano. Nikasema tena dakika tano.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Kwa zile ngoma sikuisikia hata kidogo.

Nilipoitoa ilikuwa imeshapita saa nne. Shivachi alikuwa amenipigia mara tatu. Halafu kulikuwa na ujumbe: "Loda inalia namba yako haitaki kwenda. Umekiacha wapi?"

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja. Nimpigie, nimwambie, nenda ofisini useme kidude kiko kwenye nguzo, mwenyewe hayuko. Basi. Ningefutwa kazi, tungekula maharagwe, maisha yangeendelea.

Badala yake niliandika hivi, na haya maneno nayajua kwa moyo: "Kofia nguzo ya 3. Kitoe haraka kabla hawajajua."

Haraka. Niliandika haraka.

Sasa nikueleze yaliyotokea uwanjani, ambayo mimi nimeyajua baadaye kwa vinywa vya wengine. Baba Metrine alifika na loda upande wa nguzo ya tatu. King'ora kikalia: ishirini na saba. Loda ikasimama. Mzee akaangalia, hakuna mtu. Akashuka, akazunguka mlima wa miwa, akaniita kwa jina. Kimya. Akapanda, king'ora kikalia tena. Akashuka tena. Mara tatu mzee wa miaka hamsini na kitu anapanda na kushuka ile ngazi kunitafuta. Akaita ofisi kwa redio. Ofisi ikamwambia skrini inaonyesha ishirini na saba yuko hapo hapo. Akasema hapa hakuna mtu, kuna kofia tu. Na nyuma yake matrekta yamepanga foleni mpaka nje ya geti yanapiga honi.

Kuna ufunguo mle ndani wa kuzima king'ora na ile breki ya sumaku, wa kutumiwa mfumo ukiharibika. Mzee aliyaamini macho yake. Akazungusha ufunguo.

Ndipo Shivachi akatokea nyuma ya miwa upande wa pili, ameinama, anakimbilia kofia yangu. Kidude chake kilitetemeka kiunoni, amenieleza mwenyewe. Alikisikia. Lakini siku zote kikitetemeka loda inasimama, na hakujua kuhusu ufunguo. Akajua itasimama. Akanyoosha mkono akachukua kofia, na loda ikarudi nyuma.

Sitakueleza zaidi. Aki siwezi.

Nilipigiwa simu na mwenzetu aliyedhani niko humo humo ndani, kumbe mimi bado niko Malinya na kamba ya Lami mkononi. Niliiacha kamba chini. Sijui nilifikaje. Niliingilia tundu la ua nyuma ya lundo la majivu, nikakuta watu wamejaa na Shivachi ameshapelekwa hospitali ya Kakamega. Loda ilikuwa imezimwa. Baba Metrine alikuwa amekaa chini kwenye matope, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, anasema neno moja tu: "Sikumwona. Sikumwona."

Na mimi, badala ya kwenda kwa mzee, macho yangu yalikuwa yanatafuta kidude. Nikakiona kati ya miwa iliyopondeka. Nikajifanya nainama kwa uchungu, nikakichukua, nikakifunga kwenye mshipi. Fikiria! Damu ya rafiki yangu haijakauka, na mimi navaa kidude.

Nilidhani imeishia hapo. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Wiki iliyofuata kikakaa kikao cha uchunguzi. Niliitwa wa kwanza. Unajua kwa nini? Kwa sababu kumbukumbu za mfumo zilionyesha mtu aliyekuwa karibu kabisa na ajali ni ishirini na saba. Mimi! Skrini huonyesha upande tu, haionyeshi kama umesimama, umelala ama umekufa. Kwa hiyo mimi ambaye nilikuwa Malinya nikicheza isukuti, nikawa shahidi mkuu.

"Wewe ulikuwa nguzo ya tatu asubuhi yote?" wakaniuliza.

Baba Metrine alikuwa amekaa mbele yangu, kofia yake ameishika magotini. Akaniangalia. Haikuwa kwa ubaya. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri daktari amsomee majibu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwepo."

"Dereva anasema alishuka mara tatu na hakuona mtu."

"Nilikuwa nimeinama nyuma, naokota miwa iliyoanguka. Kofia nilikuwa nimeivua kwa ajili ya joto."

"Alikuita?"

"Sikusikia. Matrekta yalikuwa yanapiga honi."

Uwongo ukishatoka wa kwanza, mwingine unakuja wenyewe kama siafu. Mzee akaigeuza kofia yake magotini. Halafu akasema taratibu, "Basi kama kijana anasema alikuwepo, alikuwepo. Mashine ilisema yuko. Ofisi ilisema yuko. Ni mimi tu nilisema hayuko."

Akafutwa. Barua ilisema alizima kinga huku mfanyakazi akiwa ndani ya eneo la hatari. Shivachi alikuwa amekatwa mguu juu ya goti, na alipoulizwa kitandani alisema hakumbuki kitu. Mimi nilirudi kazini Jumatatu, na msimamizi akanipa pole. Pole! Akasema nilinusurika.

Usidhani nilikuwa nalala. Bibi yangu alidhani ni mshtuko. Akawa ananipikia chai ya tangawizi, ananiambia nimshukuru Mungu kwamba haikuwa mimi. Nikawa namjibu ukali bila sababu, mpaka watoto wakawa wakinisikia mlangoni wananyamaza.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja mchana tumetoka kanisani, nasikia hodi. Bibi anafungua, ananiita kwa furaha, "Baba watoto, njoo uone mgeni!"

Alikuwa Baba Metrine. Amevaa koti lake la kanisa. Kwapani amebeba kuku, jogoo mwekundu mkubwa, na usoni amevaa miwani minene ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Mulembe, mwanangu."

"Mulembe, Baba."

Akakaa. Akamkabidhi bibi yangu kuku. Unajua kwetu ingokho, huyo kuku, si kitoweo cha hivi hivi. Mtu akikuletea jogoo na koti la kanisa, amekuja na neno zito.

"Nimekuja kukuomba msamaha," akasema.

Nikasema, "Baba, wewe uniombe mimi msamaha wa nini?"

"Ulikuwa pale na sikukuona. Nilishuka mara tatu, mwanangu, na sikukuona. Kama ungeinuka wakati ule ningekuua wewe pia, huyu mama awe mjane, hawa watoto wabaki hivyo. Nimeshindwa kukaa na hiyo kitu." Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti. "Nilienda kwa daktari wa macho. Akasema macho si mabaya sana kwa umri wangu, lakini nilimsumbua mpaka akanipa hii. Hata baiskeli nimeacha. Wajukuu wakitaka kuvuka barabara nawaambia wamngoje nyanya yao. Mimi siwezi kuamini tena kile ninachoona."

Bibi yangu alikuwa analia. Akamwambia, "Baba, sisi tumekusamehe zamani."

Na mimi? Mimi nilisema, "Ndiyo, Baba. Tumekusamehe."

Nilimsamehe! Akachinjwa yule jogoo, akapikwa, tukala na obusuma, ugali wetu. Nilimeza ile nyama ya jogoo wa mzee niliyemwibia macho, nikanywa na mchuzi. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikaenda nyuma ya choo nikatapika kila kitu.

Siku ya pili nikaenda kwa Shivachi. Nilikuwa nimemtembelea mara nyingi na maziwa na matunda, na hatukuwahi kuizungumza ile siku hata mara moja. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, magongo yameegemezwa ukutani. Nikamwambia habari ya jogoo.

Halafu akatoa simu yake, kioo kimepasuka, akanionyesha ule ujumbe wangu. Alikuwa hajaufuta.

"Nilinyamaza kwa sababu nilijua ulikuwa unaenda na nikakubali kushika bendera," akasema. "Mguu wangu nimeshaulilia, nimemaliza. Lakini yule mzee hakukosa kitu. Alisema hakuna mtu, na hakukuwa na mtu. Wewe umemla jogoo?"

"Nimemla."

"Mtu wangu, wewe ni mbaya." Alisema hivyo tu, bila hasira, na ikaniuma kuliko angenipiga na gongo. "Enda umwambie. Nakupa mpaka Jumapili. Usipoenda, nitajikokota na hivi vijiti mpaka Shinyalu nimwambie mwenyewe."

Nilianza na kiwanda. Nikaenda ofisini nikasema yote, kofia, trela, Lami, ujumbe. Afisa wa usalama aliandika mpaka kalamu ikasimama. Nilifutwa siku hiyo hiyo, na kesi bado iko. Sitasema mengi kuhusu hiyo, itanikuta na nitaikubali. Bibi yangu alirudi kwao na watoto. Hakunitukana. Alisema tu kwamba alimwambia mzee wa watu amemsamehe, na mimi nilikuwa nimekaa kando nikimsikiliza. Baba alimuuza Lami bila kuniambia. Nilifika Malinya nikakuta boma tupu na kamba imetundikwa.

Jumapili nikapanda kwenda Shinyalu. Sikubeba kuku. Niliona aibu kubeba kuku.

Nilimkuta Baba Metrine nje, anapukuchua mahindi na ile miwani yake. Alitaka kunipa kiti nikakataa. Nikasema nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitashindwa.

"Baba, ile siku mimi sikuwa pale. Nilikuwa Malinya. Kilichokuwa pale ni kidude tu, ndani ya kofia."

Mkono wake ukasimama juu ya gunzi.

Nikangoja anitukane. Nikangoja achukue panga, lilikuwa hapo karibu. Punje za mahindi zikamdondoka mzee mkononi moja moja. Halafu akauliza swali moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu.

"Kwa hiyo niliona sawasawa?"

"Uliona sawasawa, Baba."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu. Hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu," akasema. Akasema tena, akimgeukia mkewe mlangoni, "Mama Metrine, umesikia? Hakukuwa na mtu!" Akavua miwani akaiweka juu ya mahindi, akafunika uso na mikono, na mabega yakaanza kutikisika.

Hakuniambia amenisamehe. Sikumwomba. Mkewe alinionyesha njia kwa mkono, nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimefika mbali, karibu na majani chai ya jirani, nilipomsikia anaita.

"Wewe!"

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, bila miwani.

"Kamba ya kiatu imefunguka."

Nikaangalia chini. Ilikuwa imefunguka. Niliinama kuifunga, na nilikaa pale chini muda mrefu sana kabla ya kuinuka.

Ndugu yangu unayesoma haya, kama kazini wamekupa kitu cha kuvaa, kivae wewe mwenyewe. Usikitundike, usimpe mtu akubebee, usikifiche kwenye kofia ukaenda zako ukidhani unamdanganya bosi. Mashine haikujui kwa sura. Itamzuia mtu kwa ajili yako, na mtu mwingine atakuja kukutoa pale ambapo haupo. Na kama umeshafanya, kama sasa hivi unavyosoma kuna mahali umesema ulikuwepo na hukuwepo, tafadhali, enda useme leo. Usingoje mpaka mtu akuletee jogoo.

Shivachi hajanipigia tangu siku ile. Simu yangu naiweka mezani, sauti juu kabisa.